Bitana ya Nyumba Yetu

Mbao za mkaratusi zikilowa mvua hutoa harufu kali inayopanda puani kama dawa ya kikohozi, na harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha asubuhi nyingi za utoto wangu. Nyumba yetu ya Keshero, mjini Goma, ilijengwa kwa mbao hizo kutoka chini hadi juu. Ilisimama juu ya mawe meusi ya volkano ambayo baba na majirani waliyapanga kwa mikono bila saruji, na ilifunikwa kwa mabati ambayo mvua ikinyesha yalitufanya tusali sala ya chakula kwa kusomana midomo. Wasioijua Goma hudhani kwamba mji uliolala chini ya mlima wa moto hauna baridi. Sisi tuliolelewa katika nyumba za mbao tunajua vingine. Mji uko juu, ziwa liko mlangoni, na wakati wa mvua upepo wa ziwani ulipita kati ya ubao na ubao kama mtu anayeingia kwake. Tulikuwa tumeuzoea. Tulivaa sweta mbili, tukanywa chai ya tangawizi, tukalala tumebanana. Joto la nyumba halikuwa jambo la kuzungumzwa mezani, mpaka alipozaliwa mdogo wangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na mvua zilikuwa zimeshika kasi. Mama alikwenda materniti kujifungua mapema mno. Hata nepi zilikuwa bado hazijanunuliwa. Aliporudi alikuwa na kifurushi ambacho nilidhani ni nguo tu, hadi kilipopiga chafya. Mtoto alikuwa mwekundu, ngozi imekunjamana kama mkono uliokaa majini siku nzima, na kichwa chake kilienea katika kiganja cha baba. Walimwita Muhindo, jina ambalo kwetu Wanande hupewa mvulana anayekuja baada ya msichana. Kule materniti kuveze, ile mashine ya kuwapasha joto watoto njiti, ilikuwa moja, na ndani yake alilala mtoto aliyekuwa mdogo kuliko yeye. Waganga wa hospitali walimkagua Muhindo, wakaona anapumua vizuri na ananyonya, wakamwambia mama aende naye nyumbani ampe joto, na amrudishe kila wiki apimwe.

Ampe joto. Maneno hayo mawili yaliingia nyumbani kwetu yakakaa kama mgeni asiyeaga. Jirani yetu Mama Furaha, aliyekuwa muuguzi katika kituo cha afya kando ya barabara kubwa, alikuja jioni ileile, akamvua Muhindo nguo zote isipokuwa kofia na nepi, akamweka juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga wote wawili kwa kitenge.

"Huyu mutoto hana bado mafuta ya kumupatia joto," alisema. "Mwili yenu njo mbabula yake, njo jiko yake. Mama akichoka, papa anamubeba."

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa fundi cherehani kule Birere, mtaa wa biashara mjini, mtu mpole wa maneno machache. Alicheka kidogo kwa aibu.

"Mimi mwanaume, nibebe mutoto mu kifua?"

"Kifua yako iko na baridi, Papa Masika?" Mama Furaha alimuuliza bila kucheka, akimwita kwa jina langu.

Baba alifungua vifungo vya shati. Tangu siku hiyo, akirudi kutoka Birere, alinawa mikono, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, na Muhindo akahamishwa kutoka kifua kimoja hadi kingine upesi kama mkate wa moto. Wanaume wa mtaa wetu walipopita na kumwona barazani mwake na kichwa kidogo chenye kofia kikichungulia kwenye kola yake, baadhi walimwita "Mama Muhindo". Yeye aliwapungia mkono, akaendelea kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini sana, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mngurumo wa kifua ukimtetemesha, mtoto hulala.

Lakini mwili wa binadamu hauwezi kushindana na nyumba inayovuja. Ndipo baba alipoanza kuitazama nyumba yetu kama alivyoitazama nguo iliyoletwa na mteja, akitafuta mahali ilipofumuka. Alichukua uzi wa pamba, akauwasha, akauzima kwa kuupulizia, akatembea nao polepole kandokando ya kuta. Mimi nilimfuata nikiwa nimeshika kikapu cha vipande vya vitambaa. Moshi wa uzi ulipanda wima, kisha ghafla ukalala upande mmoja, na hapo baba alisema, "Hapa." Nilimpa kipande, naye akakisukuma katika ufa kwa ncha ya mkasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Sisi tuliziba nyufa kwa mabaki ya magauni ya harusi, sare za shule na makoti ya wafanyabiashara wa mpakani Bunagana, mpaka kuta zetu zikawa na madoa ya rangi kama bustani. Niliona ni nyumba nzuri kuliko zote za Keshero. Jioni moshi wa uzi ulipanda wima kila mahali, na baba akaenda kulala ameridhika.

Kilichofuata hakuna aliyekiona kinakuja. Mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, mikono ya Muhindo ikawa baridi, na mama akaogopa. Mbabula yetu, lile jiko la bati la makala, yaani mkaa, tulilopikia nje chini ya ukingo wa paa, aliiingiza chumbani, makala yakiwa mekundu bila moshi, akafunga mlango. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Makala yasiyo na moshi yalionekana ni salama, na katika nyumba zenye nyufa huenda upepo uliwaokoa watu wengi bila wao kujua. Yetu haikuwa na nyufa tena.

Nilirudi kutoka shuleni adhuhuri nimelowa chapachapa. Nilipofungua mlango joto lilinipokea usoni, joto tamu ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba sasa tumekuwa kama matajiri. Hapakuwa na harufu yoyote mbaya. Mama alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, Muhindo amefungwa kifuani mwake. Nilimsalimia, hakuitikia. Nilimsalimia tena. Alifumbua macho nusu, akasema kwa ulimi mzito, "Funga mulango, Masika. Mutoto atasikia baridi."

Nililelewa kutii. Lakini sauti ile haikuwa ya mama yangu. Ilikuwa kama ya mtu anayezungumza akiwa chini ya blanketi nyingi. Nilisimama kizingitini, mvua mgongoni na joto usoni, kisha nikaacha mlango wazi kabisa, nikakimbia matopeni kumwita Mama Furaha.

Alikuja bila viatu. Hakuuliza kitu. Aliinyanyua mbabula kwa kitambaa akaitupa uani, ambapo makala yalizima kwa kelele katika dimbwi. Alisukuma dirisha, akamshika mama kwapani, akanituma nilete blanketi zote, akawakalisha barazani mahali pasipofikwa na mvua. Mama alitapika. Alilalamika kwamba kichwa kinapasuka. Muhindo alikuwa kimya, mdomo wazi kidogo, na Mama Furaha alimtoa kwenye kitenge, akamsugua mgongo kwa vidole viwili, akamwinamia na kumwita jina lake mara nyingi kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sijui ulipita muda gani. Nakumbuka maji yakitiririka kutoka kwenye mabati mbele yetu kama pazia, na nakumbuka nilikuwa bado nimeshika blanketi moja ambayo hakuna aliyeipokea. Kisha mdogo wangu akakunja uso, akakohoa, akalia kilio chembamba cha paka. Mama Furaha alimrudisha kifuani kwa mama, akawafunika, kisha akaketi kando yao.

Walikwenda kituo cha afya, wakatazamwa, wakarudi. Usiku huohuo Mama Furaha alimweleza baba, nami nilisikiliza nikijifanya ninamenya viazi. Sisi wa Keshero tulijua mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini ikalala mabondeni, ambayo mbuzi akiinamisha kichwa kuivuta haamki tena. Wazazi walitukataza kucheza mashimoni kwa sababu yake.

"Makala nayo inatoa sumu kama mazuku," Mama Furaha alisema. "Haina harufu, haina rangi. Nyumba ikifungwa, inakula pumzi ya batu polepole, na banasikia tu usingizi. Mutoto anaomba joto, Papa Masika, lakini anaomba kwanza pumzi."

Baba alizitazama kuta zake za rangi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alisimama, akavuta kiti, akaanza kuchomoa vipande vya vitambaa kutoka nyufa za juu, karibu na paa, kimoja kimoja. Vile vya chini, vilivyoelekea kitanda, aliviacha. Mama alimwambia, "Haukujua." Akaendelea kuchomoa. Mama akarudia, "Hatukujua, sisi wote." Ndipo akashuka kwenye kiti na kuketi pembeni yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku chache baadaye koko, mama yake mama, alifika na lori la viazi kutoka milima ya Lubero, nchi ambayo asubuhi majani huwa meupe kwa umande wa baridi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, aliyesema Kiswahili kidogo alichokichanganya na Kinande hata mimi nikacheka. Alimpakata Muhindo, akamnusa shingoni, akaguza nyayo zake, akauliza mtoto analala wapi. Kisha akatoka nje, akaanza kuokota mawe.

Kwao, alisema, moto hukaa nje na joto lake ndilo huingia ndani. Walichoma mawe jikoni, wakayafunga katika nguo nzito, wakayaweka miguuni pa wagonjwa na wazee. Sisi tulikuwa tunaishi juu ya mawe, tunakwaruza magoti juu ya mawe, na hatukuwahi kufikiri kwamba yangeweza kutusaidia. Lakini mawe ya Goma si ya Lubero. Lile la kwanza aliloweka juu ya mbabula lilikuwa jepesi, limejaa matundu kama mkate, na lilikuwa limekunywa mvua. Lilipopata moto lilipasuka kwa mshindo, vipande vikaruka hadi kwenye ukuta, na koko akajikuta amekaa chini, kanga yake imejaa majivu.

"Hii jiwe yenu iko na hasira," alisema.

Mama, ambaye tangu siku ile ya mvua hakuwa amecheka, alicheka mpaka akashika mbavu. Baada ya hapo koko alichagua mawe mazito yasiyo na matundu, akayaanika kwanza chini ya ukingo wa paa mpaka yakauke vizuri, kisha akayapasha taratibu. Jiwe la namna hiyo lilichelewa kupata moto na lilichelewa kuupoteza. Likiingia kitandani jioni limefungwa katika blanketi kuukuu, asubuhi bado lilikuwa vuguvugu. Halikumgusa mtoto. Liliwekwa mbali naye kidogo, koko akapitisha mkono katikati kuhakikisha, na lilipopoa jingine lilikuwa tayari nje. Kwa hiyo makala hayakuingia ndani tena.

Bado palikuwa na paa. Baba ndiye aliyeligundua hilo, akiwa amelala chali Jumapili mchana na Muhindo kifuani. Tone la maji lilimwangukia kwenye paji la uso, na nje hapakuwa na mvua. Alitazama juu akaona mabati yamejaa matone. Joto la miili yetu na la pumzi zetu lilikuwa linapanda, linakuta bati la baridi, linageuka maji na kuturudia. Tulikuwa tunapasha joto mawingu. Alikaa akifikiri, kisha akasema neno moja la kazini kwake: "Bitana."

Koti zuri, alinieleza, haliwi na joto kwa sababu ya unene wa kitambaa. Linakuwa na joto kwa sababu kuna kitambaa cha pili ndani, na kati ya viwili hivyo kuna hewa iliyotulia, isiyokwenda popote. Nyumba yetu ilikuwa koti lisilo na bitana. Basi alikusanya magunia ya unga kutoka kwa wachuuzi wa Birere, mama na koko wakayafua kwenye karai kubwa, uani kwetu kukawa na maandishi ya viwanda yakipepea kwenye kamba. Kisha akayashona kwa cherehani yake, tabaka mbili, katikati amejaza vipande vya sufu na vitambaa, wateja wake wakimsubiri kwa subira na wengine bila subira. Siku ya kuitundika, majirani watatu walikuja kumsaidia, wakiwemo waliomwita Mama Muhindo. Waliivuta chini ya paa kwa waya kama watu wanaotandika kitanda kilichopinduliwa. Baba aliacha nafasi kuzunguka dirisha, na juu ya mlango akakata tundu ambalo hakuruhusu liguswe, ili pumzi chafu ipate pa kutokea.

Usiku huo mvua ilinyesha na tulisikizana. Hicho ndicho nilichokiona kwanza: kwamba mama aliweza kusema jambo kwa sauti ya kawaida na baba akamjibu. Mabati yalikuwa yakinguruma mbali, kama yako kwa jirani. Asubuhi blanketi hazikuwa na unyevu. Muhindo alifunguliwa kutoka kifuani, akalazwa kitandani peke yake kwa muda mfupi huku macho yetu yote yakiwa juu yake, na miguu yake ilibaki na joto.

Hatukufikiri kwamba angehitaji ulinzi wa upande mwingine. Mvua zilikoma, kiangazi kikaingia, vumbi jeusi la volkano likaanza kukaa juu ya kila kitu. Mchana mabati yalilia ta, ta, yakitanuka juani, na katika nyumba za majirani watu walihamia nje chini ya miti. Muhindo, ambaye sasa alikuwa na mashavu, alianza kuwa mwekundu, akagoma kunyonya, akalia bila kunyamaza. Mama alimfunika zaidi, kwa mazoea ya miezi ya hofu. Koko alimfunua, akaguza mgongo wake.

"Muache," alisema. "Huyu amekwisha kuwa mutu. Anasikia joto kama batu."

Baba alipanda tena kwenye kiti. Juu ya bitana, katika pembe mbili za paa zinazotazamana, alitoa ubao mmoja huku na mmoja kule. Upepo wa mchana unatoka ziwani. Ukaingia upande mmoja, ukapita kati ya mabati na magunia, ukalichukua lile joto la bati kabla halijashuka, ukatoka nalo upande wa mlima. Mama alitundika kitenge chenye maji dirishani, na hewa iliyopita humo ilifika kitandani imepoa. Bitana ileile iliyotuzuilia joto lisitoke sasa ililizuia lisiingie. Nilimwuliza baba inajuaje ifanye lipi. Alisema haijui kitu, inakaa tu katikati, mengine ni kazi yetu ya kufungua na kufunga. Mvua ziliporudi, alizirudisha zile mbao mbili, na Muhindo alikuwa anatambaa.

Nyumba ile haipo tena. Kiwanja kiliuzwa, na pale limesimama ghorofa la matofali lenye geti la chuma. Koko alizikwa kwao, milimani. Mji wetu umepitia mengi tangu wakati huo, na wengi wangali wanalala chini ya turubai ambalo halina bitana wala ukuta. Mvua ikianza usiku siwezi kuisikia bila kuwafikiria, hasa wenye watoto wachanga. Mimi nafanya kazi katika ofisi yenye klimatizeri, mashine ya kupoza hewa. Mwenzangu mmoja anaiwasha kwa sababu anasikia joto, mwingine anavaa koti kimyakimya, na sijawahi kuona mtu akiguza mkono wa mwenzake kujua kama una baridi. Nyumbani kwangu kuta ni za saruji, nene, zilizonyooka. Binti zangu wana kila mmoja chumba chake na blanketi yake, na nashukuru. Ila hawajui usiku mwenzao amelala vipi, na mimi nikiwa na umri wao nilikuwa naijua hali ya miguu ya kila mtu nyumbani kwetu.

Pasaka iliyopita tulikutana kwa baba. Sasa ni mzee. Uzi haupiti tena katika tundu la sindano asiposaidiwa. Muhindo alikuja moja kwa moja kutoka Bunagana, ambako anafanya biashara ya vitambaa, jitu refu lililoinama kupita mlangoni. Binti zangu waliomba hadithi, nami nikawasimulia hii, mama akinisahihisha hapa na pale. Muhindo alisikiliza huku anakula sambaza, dagaa wa ziwa letu, mmoja mmoja, kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Nilipomaliza, binti yangu mdogo alimwuliza, "Mjomba, ulisikia baridi sana?"

Alifikiri kweli kabla ya kujibu.

"Hapana," alisema. "Mimi sikumbuke baridi hata siku moja."

Baba aliinamisha kichwa juu ya sahani yake, na mama akanyoosha mkono chini ya meza, akaushika mkono wake.